Kabla ya Kununua Chupa Nyingine: Somo la Nywele kwa Kaya za Bertrams

Katika kaya nyingi za Bertrams zinazozungumza Kiswahili, mgeni akifika huonywa mapema kwamba maji ya Johannesburg hukata nywele. Mtu huja kutoka Uvira, Bukavu, Kigoma au Tanga akiwa na kichwa kilichojaa, na baada ya miezi mitatu au minne nywele huanza kubaki kwenye kitana, juu ya mto na katika sakafu ya bafu. Hapo ndipo fedha huanza kutoka. Chupa moja hufuatwa na nyingine, mafuta ya kukuza hufuatwa na krimu ya kuimarisha, mpaka rafu ikajaa, na nywele bado zinakwenda.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kaya hizo. Hoja yake ni kwamba chupa haichaguliwi kabla ya kujulikana kinachotokea kichwani. Nywele zinazokatika, nywele zinazong'oka zenyewe, na ngozi ya kichwa yenye maradhi ni mambo matatu mbalimbali, ingawa kwa anayejitazama kiooni yote huonekana kuwa moja. Kitu kinachosaidia moja kati ya hayo huweza kulizidisha jingine.

Maji yanayosingiziwa

Maji ya mabomba ya Johannesburg huletwa na Rand Water, shirika lililoanzishwa mwaka 1903, na kwa sehemu kubwa hutoka katika Mto Vaal, ambao nao huongezewa maji ya milima ya Lesotho. Si maji ya chumvi. Mtu aliyekulia kwenye visima vya pwani, ambako sabuni husuguliwa mpaka mkono ukachoka bila kutoa povu la maana, hutambua tofauti siku ya kwanza: hapa povu huja upesi. Hakuna sababu ya kuyashuku maji haya kuliko yale yaliyoachwa nyumbani.

Kilichobadilika ni hewa. Jiji hili limejengwa kwenye nyanda za juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti mvua karibu haipo kabisa. Unywele huvuta unyevu wa hewa na kuurudisha hewani. Ufuoni mwa Ziwa Tanganyika au Unguja huwa na akiba wakati wote. Katika Julai ya Bertrams, ndani ya chumba chenye hita, akiba hiyo hukauka. Unywele mkavu haupindi kwa urahisi, na usiopinda huvunjika.

Hiyo ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili imo mwilini. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwezi, kisha hupumzika kwa miezi mitatu hivi na kuanguka ili mwingine uote mahali pake. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, kama vile homa kali ya malaria, kujifungua, upasuaji, njaa, msiba, au safari ya wiki nyingi barabarani, nywele nyingi huingia katika mapumziko kwa wakati mmoja. Haziangukia hapohapo. Huanguka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mwenyewe ameshaisahau homa na amepata chumba Bertrams. Anachokiona mbele yake ni bomba la maji na chupa mpya ya shampuu, naye huvihukumu hivyo.

Upotevu wa namna hii hauna chupa yake. Mshtuko ukipita na chakula kikitosha, nywele huota tena zenyewe, kwa kawaida katika muda wa miezi sita hadi mwaka. Mama aliyejifungua huona zikianguka kwa wingi mtoto anapokaribia miezi mitatu au minne, na kwa wengi hali hurudi ilivyokuwa mtoto anapotimiza mwaka. Iwapo kuanguka kunaendelea zaidi ya miezi sita, au kunaambatana na uchovu, moyo kwenda mbio, hedhi nyingi au kukonda, kinachotakiwa ni vipimo vya zahanati: upungufu wa damu na maradhi ya tezi la shingo huweza kuonekana kichwani. Fedha ya mafuta ya kukuza ingefaa kununua maharage, mboga za majani na maini.

Kipimo cha karatasi nyeupe

Ili kutofautisha nywele zilizong'oka na zilizokatika hakuhitajiki mtaalamu. Siku ya kuchana, nywele zote zilizobaki kwenye kitana zikusanywe na kutandazwa juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Unywele ulioanguka kwa kupumzika huwa na urefu wake wote, na mwisho mmoja una kitone kidogo cheupe: huko ndiko ulikoshikilia. Unywele uliokatika huwa kipande kifupi kisicho na kitone, na ncha zake zote mbili ni kavu.

Kuanguka kwa nywele kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida ya kila kichwa chenye afya. Hesabu hiyo huwatuliza wengi siku ya kufumua. Aliyesuka rasta kwa wiki 6 amezifungia ndani nywele za siku 42 ambazo zingeanguka moja moja. Akifumua atakuta baina ya 2,000 na 4,000 kwa mkupuo mmoja, fungu la kutisha kulitazama. Ikiwa nyingi zina kitone cheupe na ni ndefu, hakuna lililoharibika. Ikiwa karatasi imejaa vipande vifupi, basi ni kukatika, na hapo ndipo uchaguzi wa shampuu, kondishena na mafuta unapokuwa na maana.

Mafuta si maji

Nywele za Kiafrika zimejisokota. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushuka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele uliojipinda hukwama karibu na shina, na ncha hubaki kavu. Zaidi ya hayo, kila mahali unywele unapopinda magamba yake ya nje, yaliyopangwa kama ya samaki, huinuka kidogo, na hapo ndipo kitana kinapouvunja. Ndiyo sababu mtu husema nywele zake hazikui, ilhali zinakua sentimita moja kila mwezi na kukatika sentimita moja kila mwezi.

Kosa linaloenea zaidi ni kupaka mafuta ya mgando juu ya nywele kavu kila asubuhi. Nywele hung'aa, mkono huteleza, na ndani unywele umebaki na kiu ileile. Mafuta hayaongezi maji. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo mpangilio hutangulia jina la bidhaa: nywele huoshwa, hupakwa kondishena na kuchanuliwa kwa chanuo lenye meno mapana zikiwa bado na kondishena hiyo, kuanzia ncha kuelekea kichwani, kisha husuuzwa, na zingali na unyevu hupakwa krimu nyepesi au mafuta kidogo. Kaya isiyo na fedha ya bidhaa nyingi inaweza kuacha kila kitu isipokuwa kondishena. Huyo ndiye asiyeachwa.

Kuhusu mafuta yenyewe, watu wa pwani wana haki ya kujivuna kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini yanayotokana na petroli, na ni ya nazi pekee yaliyoonekana kupunguza upotevu wa protini ya unywele, hasa yakipakwa kabla ya kuosha. Chembe zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo hupenya ndani, ilhali mengine hubaki juu. Basi kuyapaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha ni desturi yenye msingi. Yakigeuka kuwa meupe na magumu koponi mwezi Juni hayajaharibika: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, jambo ambalo Dar es Salaam halionekani mara nyingi. Mafuta ya nyonyo ni mazito na hufunika vizuri ncha zilizochoka, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba huotesha nywele, hata yakiuzwa kwa bei ya manukato. Glisarini nayo hutegemea majira. Katika unyevu wa Januari huvuta maji kutoka hewani. Katika ukavu wa Julai, ikipakwa nyingi na kuachwa bila kufunikwa na mafuta, huweza kuwaacha wengine na nywele kavu kuliko mwanzo. Kitu kilichomfaa mtu Mombasa mwaka mzima huenda hapa kikamfaa nusu ya mwaka tu.

Sabuni ya kipande ya kufulia ina ukali wa alkali ambao huyainua magamba ya unywele na kuuacha mkavu na wenye kukwaruza. Shampuu ya bei ndogo kabisa dukani ni afadhali kuliko hiyo, na chupa moja hudumu zaidi ikichanganywa na maji kabla ya kumiminwa kichwani. Mchanganyiko huo huwafaa pia waliosuka: hupakwa kwenye mistari ya ngozi kwa ncha za vidole na kusuuzwa kwa jagi moja au mawili, jambo la manufaa katika jiji ambalo mabomba hukauka bila taarifa. Mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili hutosha wengi.

Kusoma lebo na kujaribu

Viambato huandikwa kwenye lebo kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Kondishena ambayo kiambato chake cha kwanza si maji, yaani neno "aqua" au "water", ni mafuta yaliyovishwa jina jingine. Kopo linalosifu parachichi kwa picha kubwa huku neno hilo likiwa la mwisho kabisa katika orodha lina parachichi kiasi cha tone. Nusu ya bei iko kwenye picha.

Katikati ya jiji huuzwa pia vikopo visivyo na orodha yoyote, vilivyopakiwa upya, vikiahidi kuotesha nywele kwa siku saba. Visinunuliwe. Si kwa sababu kila muuzaji ni mdanganyifu, bali kwa sababu mtoto akiungua, hakuna daktari atakayejua alichopakwa. Kwa bidhaa halali risiti itunzwe: Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2008 inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha bidhaa yenye kasoro au isiyo salama.

Watu huulizana ni aina gani ya nywele walizo nazo, na wengine hudumbukiza unywele katika glasi ya maji ili kuona kama utazama. Kipimo hicho hakitegemeki, kwa kuwa tone la mafuta au kiputo cha hewa hukibadilisha. La kutazama ni hili: nywele safi zikimwagiwa maji, je, hulowa mara moja na kukauka upesi, au maji huteleza juu yake kwa muda na kisha zikabaki na unyevu nusu siku? Za kwanza mara nyingi zimeshapitia dawa, rangi au moto, nazo hutaka krimu nzito na mafuta ya kufunika. Za pili huelemewa na vitu hivyo upesi na hufaa kupakwa vitu vyepesi, vikiwa na maji mengi. Dada wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana katika hili, na ndiyo maana ushauri wa jirani, hata uwe wa nia njema, ni mwanzo wa jaribio tu.

Jaribio lenyewe hufanywa kwa bidhaa moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha shampuu, kondishena na mafuta katika wiki moja hatajua ni kipi kilichomsaidia wala ni kipi kilichomdhuru. Kwanza bidhaa mpya hupakwa nyuma ya sikio na kuachwa saa 48. Pakiwasha au pakivimba, safari inaishia hapo. Kisha kichwa hugawanywa mara mbili, upande wa kulia ukapakwa kipya na wa kushoto ukaendelea na cha zamani, kwa wiki nne. Hukumu haitolewi siku ya kuosha, kwa maana siku hiyo kila kitu hung'aa, bali siku ya tatu, na kwa karatasi nyeupe: upande upi umeacha vipande vifupi vichache zaidi? Njia hii inachukua muda, na mtu anayetembea na kichwa cha pande mbili mwezi mzima atahitaji kilemba. Hata hivyo ni nafuu kuliko rafu iliyojaa.

Mba na mapunye

Magamba meupe yanayoanguka mabegani huitwa ukavu, na jibu la kwanza la nyumbani ni kuongeza mafuta kwenye ngozi ya kichwa. Mara nyingi si ukavu. Mba huhusiana na aina ya hamira inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na kujilisha mafuta; kumwagia mafuta zaidi ni kumwandalia mgeni huyo karamu. Kinachofaa ni shampuu ya dawa yenye ketokonazoli, seleniamu salfaidi au zinki pirithioni, inayoachwa kichwani dakika tano kabla ya kusuuzwa, mara moja au mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja. Kwa kuwa hukausha unywele, ipakwe kwenye ngozi, na kondishena ifuate kwenye nywele.

Kwa mtoto hali ni nyingine. Magamba yenye viraka vya upara, nywele zilizokatikia usawa wa ngozi kama nukta nyeusi, au tezi zilizovimba nyuma ya shingo ni dalili za mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Ni fangasi aliyeingia ndani ya unywele wenyewe. Hakuna mafuta, krimu, ndimu wala kitunguu saumu kinachomfikia huko; hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini au tabinafini, kwa wiki kadhaa chini ya usimamizi wa zahanati. Shampuu ya dawa husaidia kupunguza maambukizi tu. Vitana, kofia na mito isichangiwe, na watoto wote wa nyumba wachunguzwe siku hiyohiyo. Kiraka kilichovimba na kutoa usaha kisingoje, kwani kinaweza kuacha kovu ambalo nywele hazioti tena. Mzazi anayezunguka maduka miezi mitatu akitafuta mafuta ya kumwotesha mtoto nywele huwa amepoteza miezi hiyo mitatu.

Dawa za kulainisha

Hapa ndipo kosa la chupa huwa zito. Krimu za kunyoosha nywele, ambazo saluni nyingi huziita dawa tu, huvunja viungo vya ndani vya unywele kwa nguvu ya alkali. Baadhi hutumia sodiamu hidroksaidi, kitu kinachotumika pia kuzibulia mabomba ya maji machafu. Nyingine huandikwa "no lye" kwenye boksi, na wengi hudhani maana yake ni kwamba hazina kemikali. Zina kemikali nyingine ya alkali, nayo ni kali vilevile. Mwaka 2019 watafiti wa Afrika Kusini walipima dawa hizi, pamoja na zile zinazotangazwa kwa ajili ya watoto, wakaonyesha katika jarida la kitabibu la nchi hii kwamba ukali wake umefikia kiwango cha kuunguza ngozi. Picha ya mtoto anayecheka kwenye boksi haibadilishi kilichomo.

Mtoto asipakwe. Mtu mzima aliyeamua kupaka ana mambo ya kudai: ngozi isikwaruzwe siku moja au mbili kabla, wala kupakwa ikiwa na kidonda, mafuta ya mgando yazungushwe kwenye paji, masikio na shingo, krimu iwekwe kwenye nywele mpya tu, saa itazamwe, na mara ngozi inapoanza kuwaka, isuuzwe, hata kama nywele hazijanyooka. Msusi anayesema "vumilia kidogo" anashauri vibaya. Kuwaka si ishara kwamba dawa inafanya kazi, ni ishara kwamba ngozi inaungua. Wiki 8 hadi 12 zipite kabla ya kurudia.

Lipo pia jambo la miaka mingi. Oktoba 2022 ulichapishwa Marekani utafiti uliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia kuandikishwa walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiotumia: makadirio yalikuwa asilimia 4.05 kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya asilimia 1.64. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano na hauthibitishi kisababishi, na saratani hiyo si ya kawaida sana. Lakini mwanamke anayepanga kupaka kila baada ya wiki sita kwa miaka ishirini anastahili kuzijua tarakimu hizo kabla ya kukaa kwenye kiti.

Wapo wanaosema shule ndiyo inayowalazimisha. Kanuni za nywele shuleni zimewahi kupingwa hadharani nchini humu: Agosti 2016 wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Pretoria waliandamana kutetea nywele zao za asili, na kifungu cha nywele katika kanuni za shule hiyo kikasimamishwa. Mzazi anaweza kuomba kuonyeshwa kanuni iliyoandikwa. Mara nyingi inataka nywele nadhifu, na twende kilioni iliyosukwa vizuri ni nadhifu.

Mkono wa msusi na rangi

Wakati mwingine chupa haina kosa lolote na kosa ni la mkono. Katika uchunguzi wa wanafunzi wa Cape Town ulioongozwa na daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na kuchapishwa mwaka 2007, asilimia 17.1 ya wasichana walikuwa na upara wa pembezoni mwa kichwa uliotokana na kuvutwa kwa nywele. Kwa wanawake watu wazima idadi ilikuwa asilimia 31.7. Hatari ilizidi pale nywele zilizotiwa dawa ziliposukwa rasta au kushonewa nywele za bandia. Mwanzoni upara huo hurudi ukiachwa upumue. Ukiendelea miaka, mashina hufa na hakuna mafuta ya kuyafufua.

Msuko unaouma umekazwa kupita kiasi. Vipele vidogo kwenye mstari wa paji, macho kuhisi yamevutwa, au kushindwa kulala upande mmoja usiku wa kwanza ni sababu ya kufumua, hata kama msuko umelipiwa randi nyingi. Ni jambo gumu kumwambia msusi, hasa akiwa shemeji au mtu wa kanisa moja, na linafaa kusemwa kabla ya nywele ya kwanza kugawanywa. Rasta zikisukwa wiki 6, kichwa kipumzishwe angalau wiki mbili. Kuchovya ncha za rasta katika maji yanayochemka kusifanywe mtoto akiwa mapajani au karibu, na nywele za bandia zikae mbali na mshumaa na jiko la mafuta ya taa, kwa kuwa huyeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Upara unaoanzia utosini na kupanuka kwa mduara, wenye kuwasha au kuuma, ni ugonjwa mwingine wenye kuacha makovu, nao huhitaji daktari mapema. Mwenyewe hauoni. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Basi mtu wa nyumbani aombwe kutazama utosi na kisogo, na kupiga picha kila mwezi kwa simu mahali palepale penye mwanga uleule. Wanaume wanaonyoa hadi ngozini nao watazamwe kisogo: vipele vigumu huko huzidi kila wembe unapopita, na mara nyingi hupungua nywele zikiachwa na urefu kidogo.

Rangi nyeusi, iwe kanta ya kopo au piko inayochanganywa na hina, mara nyingi ina kemikali inayoandikwa kwa herufi PPD. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu, kamwe si nyeusi tii. Mtu anaweza kuipaka PPD mara kumi bila tatizo na mara ya kumi na moja uso ukavimba mpaka macho yakafunga, kwa hiyo jaribio la saa 48 hurudiwa kila mara. Aliyewahi kuwashwa na piko ya harusi asipake rangi nyeusi ya dukani bila ushauri wa daktari.

Dawa ikiingia jichoni au ikimezwa

Krimu ya kunyoosha ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatiza, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha mgonjwa apelekwe hospitali hata kama maumivu yametulia. Ikiunguza ngozi, maji mengi ndiyo huduma ya kwanza; siki na ndimu zisimwagwe juu ya kidonda. Mtoto akiimeza, asitapishwe, maana itaunguza koo mara ya pili: mdomo wake usuuzwe na gari la wagonjwa liitwe kwa namba 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Ushauri kuhusu sumu hupatikana usiku na mchana kwa namba 0861 555 777.

Hospitali kubwa ya umma iliyo karibu na Bertrams ni Charlotte Maxeke, Parktown. Kifungu cha 27(3) cha Katiba ya Afrika Kusini kinasema hakuna mtu anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura, na hakikutaja uraia wala karatasi. Chupa au boksi la dawa lichukuliwe pamoja na mgonjwa, hata likiwa tupu, kwa sababu daktari ataanza kwa kusoma lebo hiyo.